Nimewalisha fenesi nikawaambia ni kuku, sasa mavyaa haniamini chungu changu

Assalaam alaykum dada. Nakusoma siku zote lakini leo ndo mara ya kwanza naandika, tena naandika usiku watoto wameshalala, manake mchana sina nafasi wala faragha, naishi na mavyaa nyumba moja.

Sisi tuko shamba huku Unguja, mume wangu anashuka mjini kila siku kwenye shughuli zake. Mwanzoni mwa mwaka alianza kuumwa na kichwa upande wa kisogoni, tukaenda hospitali akapimwa, ikaonekana presha iko juu na lehemu kwenye damu ni nyingi. Daktari akamwanzishia dawa, akamwambia apunguze nyama nyekundu, apunguze mafuta na chumvi. Dada, mume wangu ni mtu wa nyama. Asubuhi supu, jioni mishkaki, na siku isiyokuwa na nyama anaihesabu kama hajala. Nikimwekea mchicha au mbaazi ananiangalia tu, siku moja akaniambia "mimi si mbuzi mke wangu". Samaki anakula lakini ikiingia kusi bahari inachafuka, samaki hapa kwetu wanakuwa adimu na bei yake haishikiki.

Sasa uani tuna mfenesi mkubwa alioupanda marehemu bavyaa. Unazaa mpaka chini kwenye shina, tunagawa majirani wote na bado mengine yanaoza yanajaa nzi. Siku moja kwenye grupu la WhatsApp ikaletwa klipu ya mwanamke anapika fenesi changa, analichambua kwa uma linatoka nyuzi nyuzi kama kidari cha kuku, na chini wameandika eti ni nyama ya mtini, lina protini kama nyama. Nikasema Mungu ameniletea jibu uani kwangu.

Mara ya kwanza nikaangua moja kubwa ambalo lilikuwa limeshaanza kunukia kidogo, mchuzi ukatoka mtamu kama nimetia sukari, nikaumwaga kabla hajarudi mtu. Mara ya pili nikachukua changa kweli, nikaliosha vizuri na maji nikalipasua, dada utomvu ulitoka mweupe kama maziwa ukanata kwenye kisu, kwenye vidole, kwenye sufuria, na kwenye kanga yangu mpya niliyoletewa na mama yangu mzazi, na fenesi lenyewe likatoka gumu lina ukakasi unabana ulimi. Mara ya tatu nililichemsha mno, nikalikamua, nikalikaanga na thomu na tangawizi na bizari nyembamba na pilipili manga, nikajazia sambusa. Zikatoka nzuri wallahi.

Ilikuwa Ramadhani, mawifi walikuja kufuturu. Mavyaa akala moja akala ya pili, akaniuliza "hizi za kuku?" na mimi bila kufikiri nikajibu ndio mama, za kuku. Akanisifu mbele ya mawifi, kitu ambacho miaka 9 sijawahi kukisikia. Nikanyamaza. Siku zikapita nikapika tena, na tena nikasema kuku. Mpaka siku mwanangu wa miaka 6 akasema mbele ya watu wote "bibi hiyo sio kuku, ni fenesi la pale nje, mimi nilimshikia mama karatasi".

Mavyaa hakupiga kelele. Aliweka ile sambusa kwenye sahani akanawa mikono akatoka. Tangu siku hiyo nikipika anakuja anafunua sufuria anauliza hiki ni nini, nikiweka sambusa anaipasua kwanza anainusa. Mume wangu hakunigombeza lakini ameanza kurudi ameshakula mjini, na najua anakula nini huko. Kwa hiyo nimekosa yote, nyama anakula na imani yao imeondoka.

Naomba unisaidie. Nitazungumza vipi na mavyaa? Niendelee na hili fenesi au niache? Na je ni kweli linachukua nafasi ya nyama, manake nina mtoto wa miaka 2 na yeye nilikuwa namlisha hilo hilo. Na kama niendelee, nilipike vipi lisinate wala lisiwe tamu? Na ile kanga, kuna namna ya kuutoa ule utomvu?

Mke wa shamba, Unguja

*

Waalaykum salaam mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikaisoma kwa sauti, na pale ulipoandika ulisifiwa baada ya miaka 9 ukanyamaza nilisimama kidogo. Nakuelewa. Ulikuwa na njaa ya ile sifa na ikakujia kwa jina la kuku, ungeirudisha vipi mbele ya mawifi?

Lakini nikwambie wazi kama nitakavyomwambia mdogo wangu wa tumbo moja: kosa halikuwa fenesi, kosa lilikuwa neno kuku. Mavyaa alikula akapenda, ulimi wake ulishakubali. Kilichomtoa pale mezani ni kujua kwamba kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe anaweza kulishwa kitu asichokijua, tena kwenye futari. Na hapa kuna jambo la afya pia ambalo watu hawalitaji. Wapo watu ambao miili yao haielewani na utomvu wa mpira, wale wanaovimba au kuwashwa wakivaa glovu za mpira au wakipuliza puto, na baadhi yao fenesi huwaletea mambo hayo hayo, midomo kuwasha, koo kubana. Mtu wa namna hiyo akiambiwa ni kuku atakula bila wasiwasi, na yakimpata hata daktari hatojua aanzie wapi. Chakula kina haki ya kutajwa jina lake.

Na fenesi lina jina na lina ukoo, halihitaji kuazima jina la kuku. Asili ya mti huu ni India, kule kwenye milima ya magharibi, na hata hili neno fenesi limekuja na mti wenyewe, Wamarathi mpaka leo wanaliita phanas. Huko kulila changa kama mboga si mambo ya klipu, ni chakula cha mabibi na mabibi. Wabengali wanalipika mchuzi wa viungo mzito na wana jina lao la utani kwa fenesi changa, gachh patha, yaani mbuzi wa mtini, lakini kila aliyekaa kwenye mkeka anajua kwamba mbuzi huyo aliangukia kutoka juu. Sri Lanka wanalipika na tui wanaliita polos. Kule Yogyakarta, Indonesia, linachemshwa masaa na masaa na tui la nazi na sukari ya mnazi mpaka linageuka kahawia, wanaita gudeg, na wanalila na wali, na pembeni wanaweka yai na kipande cha kuku. Umeona hapo? Wenye fenesi lao wanaweka yai na kuku pembeni. Hawakuwahi kudhani kwamba fenesi limeshafanya kazi ya yai.

Hiyo inanipeleka kwenye swali lako ambalo mimi limenikosesha raha kuliko la mavyaa, la mtoto wa miaka 2. Aliyeandika chini ya ile klipu kwamba lina protini kama nyama amewadanganya watu. Fenesi kwenye gramu 100 halifiki hata gramu 3 za protini. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, gramu 100 hizo hizo, inakaribia 26. Linafanana na nyama kwa nyuzi zake, kwa namna linavyotafunika na kwa namna linavyobeba viungo, basi. Ni mboga, mboga nzuri, ina nyuzinyuzi za kusaidia tumbo na haina lehemu hata kidogo, lakini mwili wa mtoto haujengwi nalo. Kwa hiyo kuanzia kesho huyo mdogo mpe yai, mpe dagaa waliotwangwa, mpe samaki siku akipatikana, maziwa, uji wenye karanga iliyosagwa laini, na fenesi aonje tu pembeni kama wengine. Damu ya mtoto inataka madini ya chuma na ile vitamini B12 ambayo haimo kwenye mmea wowote wa uani. Usijilaumu hapo, uliambiwa ukaamini, lakini badilisha kesho.

Kwa baba watoto ni hivyo hivyo, sahani yake iwe na fenesi na kitu cha pili. Choroko, kunde, mbaazi, zilizopikwa zinakaa kwenye gramu 7 hivi za protini kwa gramu 100, ukiziweka karibu na fenesi lako hapo umempa chakula. Najua amesema yeye si mbuzi, tutafika huko, kuna namna ya kumpa dengu akaomba aongezewe.

Ila kabla ya mapishi kuna jambo sijaona umelitaja. Daktari alisema vitu vitatu, nyama nyekundu, mafuta na chumvi, na wewe umeshika kimoja. Fenesi lisilo na lehemu ukilizamisha kwenye tui zito au ukalifunga kwenye sambusa ukalidumbukiza kwenye karai la mafuta, umetoa mafuta mlangoni ukayaingiza dirishani. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni ya ile aina inayoganda, na ndiyo hasa inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, nimekuzwa na nazi, siwezi kukwambia uitupe nazi, ila tumia tui la pili lile jepesi, tui la kwanza kijiko kimoja viwili mwisho wa kupika kwa harufu, na sambusa ziwe za siku moja moja. Na chumvi, huku kwenye klipu wanatia vidonge vya supu viwili vitatu ili fenesi linukie nyama, vile vidonge ni chumvi tupu, kwa mtu wa presha viache dukani. Na ukienda naye kliniki muulize daktari kuhusu potasiamu, manake fenesi linayo, kwa mtu ambaye figo zake ni nzima ni jambo jema kabisa, lakini zipo dawa za presha zinazobakisha potasiamu mwilini, na yeye ndo anajua kampa ipi.

Haya, twende jikoni.

Mimi fenesi changa nilifundishwa na mama mmoja wa Kigoa aliyekuwa jirani yetu, nilikuwa na miaka kama 12, na kitu cha kwanza alichonifundisha sio kupika ni kupiga. Alikuwa anaenda mtini na kisu kikubwa, analigonga fenesi kwa mpini wake anasikiliza. Changa linajibu zito, du, kama umegonga ukuta, likikaribia kuiva linajibu wazi kama ngoma. Miiba yake iwe imebanana, imesimama na rangi ni kijani, likianza kuachanisha miiba na kuwa bapa ujue linakua. La kilo moja na nusu mpaka tatu hivi ndo linalotakiwa, na hakika ya mwisho ni kokwa, ukilipasua kisu kipite kwenye kokwa bila kukwama kama unakata kiazi kilichochemshwa, ndani kuwe kweupe. Kokwa zikishakuwa na ganda gumu na nyama imegeuka manjano umechelewa, sukari imeshaanza kuingia, na hicho ndicho kilichokuharibia mchuzi wako wa kwanza. Hilo subiri liive mle, na kokwa zake msitupe, zichemsheni au zichomeni kwenye jivu, zina protini kuliko fenesi lenyewe. Na vile vidogo vinavyoanguka chini vimeota ukungu mweusi usivihangaikie, yale ni maua dume ya mfenesi, kazi yake imeisha, sio matunda yaliyoharibika kama watu wanavyosema.

Sasa utomvu. Hapa ulikosea mahala pamoja tu, uliosha na maji. Utomvu wa fenesi ndo ule ule ulimbo ambao watoto wa shamba wananasia ndege, maji hayaufanyi kitu, unazidi kushikana. Kinachouyeyusha ni mafuta. Kwa hiyo kabla ya kukata paka mafuta mikono yako mpaka juu ya kifundo, paka kisu pande zote mbili na mpini, tandika karatasi au jani la mgomba chini, vaa nguo mbovu. Kata kikonyo kwanza, lisimamishe kichwa chini liache litiririshe kama nusu saa wakati unafanya mengine. Kisha likate mapande ya duara kama unavyokata mkate, na kila utomvu unapochomoza ufute na karatasi kavu, KAVU. Mwanao wa miaka 6 anaijua kazi hiyo, si ndo alikushikia karatasi. Menya ganda la miiba, toa kile kigogo cha katikati kigumu, na vipande vitie moja kwa moja kwenye bakuli la maji yenye ndimu na manjano visiwe vyeusi. Kisu ukimaliza kipashe joto kidogo ukifute na kitambaa chenye mafuta, halafu ndo sabuni.

Kuchemsha: maji mapya, manjano kidogo, kipande cha tangawizi, bila chumvi. Dakika 25 mpaka 30 kwa sufuria ya kawaida, kama una presha kuka dakika 10 zinatosha. Jaribu kwa uma, uingie lakini kipande kisivunjike. Ukakasi ulioupata mara ya pili ni kwa sababu hukuchemsha ukamwaga maji, ule ukakasi unatoka na yale maji ya kwanza, usiyafanye supu.

Halafu kuna kazi moja ambayo ukiiruka usinilaumu, na wewe mara ya tatu uliifanya bila kujua ndo mana zikatoka nzuri. Kulikamua. Weka kwenye kitambaa safi, kile cha kuchujia tui, kamua kama unavyokamua nazi mpaka maji yaishe. Fenesi lililoshiba maji halina nafasi ya kunywa viungo, utaweka bizari yote ya Kizimbani lakini utakuta viungo vimebaki kwenye rojo na fenesi limebaki fenesi. Likishakamuliwa linakuwa kama sponji kavu, hapo linyweshe thomu, tangawizi, bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, pilipili manga, ndimu, ukwaju mzito, chumvi ncha ya kijiko, na lilale usiku mzima kwenye friji, kama huna friji basi lifanye asubuhi ulipike mchana. Siku ya pili kikaango kizito, mafuta kijiko kimoja na nusu cha alizeti, moto mkali, tandaza lisirundikane, liache lishike chini mpaka kingo ziwe kahawia na zianze kukauka, ndo ugeuze. Watu wanalikorogakoroga likiwa rundo linajipika kwa mvuke, linatoka laini kama ugali wa jana halafu wanasema fenesi halina maana.

Ukishafika hapo unaweza kwenda popote. Kwa mchuzi, kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya mdalasini kweli kweli, nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge, tui la pili, ndo utie fenesi lako dakika kumi za mwisho likolee tu. Kwa biriani litie kwenye masala na mtindi, linakwenda vizuri sana na vile vitunguu vya kukaanga. Lakini mume wako ni mtu wa mishkaki, na hapa ndo nataka uanzie. Chemsha dakika 15 tu, mapande makubwa, kamua kwa kubonyeza kwa kiganja yasivunjike, ukwaju, thomu, pilipili ya kusaga, papai bichi usitie hapa halina kazi, tunga kwenye vijiti na uyachome juu ya makaa, ukipaka ukwaju na mafuta kidogo kwa unyoya au jani dogo. Anachokikimbilia mjini jioni, nahisi nusu yake ni ule moshi. Moshi unaweza kuupata uani kwako.

Na dengu nilizokuahidi. Chemsha dengu zilizopasuliwa mpaka ziive lakini zisirojeke, chuja zikauke, changanya na fenesi lililokaangwa, nusu kwa nusu, saga au twanga na pilipili mbichi, kotmiri, kitunguu maji, finyanga kababu bapa uzikaange kwenye kikaango kwa mafuta ya kupaka tu, sio ya kuogelea. Fenesi linatoa nyuzi, dengu zinatoa protini na zinashikisha. Nyumbani kwangu kababu hizi zinaisha kabla sijakaa. Ndugu zetu walioko Uingereza wananiuliza kila siku watafanyaje, kwao lipo la kopo, wachukue lile la maji ya chumvi au maji matupu, walisuuze mara mbili tatu kutoa chumvi, lile la sharubati ni tunda la kula na kijiko.

Sasa mavyaa. Usimtume mumeo akusemee, na usimpelekee zawadi ya leso ukadhani yameisha. Nenda mwenyewe, wakati yuko peke yake, labda baada ya alasiri, mwamkie kama siku zote, kaa chini. Mwambie "mama, zile sambusa nilikudanganya, nilisema kuku na ilikuwa fenesi, nilifurahi uliponisifu nikashindwa kusema, nisamehe." Maneno yawe mafupi hivyo hivyo. Usianze na lehemu za mwanawe wala bei ya samaki, hayo ni kweli lakini ukiyatanguliza yatasikika kama unajitetea. Halafu nyamaza umwache aseme, hata akisema makali. Huenda siku hiyo asikujibu kitu. Miaka yote hiyo mnaishi pamoja, hampotezi kitu mkikaa kimya jioni moja.

Akishasema, ndo umweleze daktari alichosema kuhusu mwanawe, manake nahisi hajaambiwa yote, wanaume wetu wanawaficha mama zao maradhi. Ni mama yake, akijua kwamba ile supu ya asubuhi inamuumiza mwanawe utapata mwenzako kwenye hii kazi badala ya mlinzi wa sufuria. Na siku ya pili yake usimpelekee kitu kilichopikwa. Mpelekee fenesi zima, changa, na kikombe cha mafuta, muombe akuchagulie kama linafaa. Mti ule kaupanda mumewe. Kama atataka kukaa na wewe kukata, kaa naye. Kama atakataa, likate pale pale uani anapokuona, kila kitu kiwe wazi, na likiiva muombe aonje chumvi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akipasua kababu yako akainusa mwache ainuse, na akiuliza hiki ni nini mjibu "fenesi na dengu, mama", kila siku, kwa sauti ile ile, hata kama ni mara ya ishirini.

Na mumeo mwambie hivyo hivyo, leo fenesi. Usimuwekee kila siku atachoka, mara mbili kwa wiki zinatosha, siku nyingine samaki, siku nyingine kuku aliyetolewa ngozi kama daktari karuhusu, na ukubaliane naye siku moja ya nyama, kipande kidogo kisicho na mafuta, apikiwe nyumbani na wewe. Daktari alisema apunguze, hakusema aache, na mtu aliyeachiwa siku yake moja hana haja ya kujificha kwenye vibanda.

Kanga yako usiiloweke kwanza. Kama utomvu umekauka ifunge kwenye mfuko uitie kwenye friza ya jirani usiku mmoja, ugande, uukwangue taratibu kwa mgongo wa kisu. Unaobaki upake mafuta ya nazi kwa kidole, uache saa nzima, usugue kwa ndani ya kitambaa na sabuni ya kipande na maji ya moto, urudie mara mbili tatu. Weupe unaonata utatoka. Likibaki doa la manjano manjano halitatoka tena, lakini kwenye kanga yenye maua halionekani, uivae tu.

Niandikie baada ya wiki kadhaa uniambie mavyaa alisemaje kuhusu chumvi.

Dada yako wa jikoni